Nusu ya Mzizi kwa Ngassa

Majina matatu ndiyo tuliyoyasikia kwanza, kabla hatujauona uso wa mgonjwa. Shija. Mhoja. Kalunde. Yalitoka gizani, ndani ya nyumba ya msonge isiyo na dirisha, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama ya mtu anayewaita ng'ombe ambao anajua hawatarudi. Nje jua la alasiri lilikuwa linachoma mabua ya mtama, na macho yetu yalikuwa bado yamejaa mwanga, kwa hiyo hatukuona chochote. Tulisikia tu. Shija. Mhoja. Kalunde. Kisha pumzi. Kisha tena.

Dada Kabula alikuwa ametangulia, kibuyu cha dawa kwapani. Alisimama ghafla pale mlangoni hata mimi niliyekuwa nyuma nikamgonga mgongoni. Hakugeuka. Niliuona mkono wake ukiukaza ule ukanda wa kibuyu kama mtu aliyeshika kamba ya kisima.

Nitarudi mlangoni hapo. Lakini nyinyi vijana mnaonijia jioni na maswali yenu hamjui hata kazi yetu ilikuwa nini, na bila kuijua kazi hamtaelewa kwa nini yule mwanamke alisimama.

Mimi ni Kasanda, na nilifanya kazi ya nyoka. Ndiyo, nyoka. Tulikuwa chama cha watu wa nyoka, wanaume na wanawake, tukitoa nyoka kwenye maghala na chini ya vitanda vya watu, tukicheza nao ngoma baada ya mavuno, na tukiwatibu walioumwa. Enzi hizo za Mwingereza, pale Isevya mjini Tabora, wenye maduka walituita wehu kila siku, isipokuwa siku ambayo swila ameingia kwenye gunia la mchele. Siku hiyo tulikuwa mafundi, tena tunapewa chai yenye sukari. Padri aliyenibatiza alinikataza kazi hii hadharani, kanisani, watu wote wakinitazama. Mpishi wake alipoumwa, alinitumia baiskeli.

Aliyenifundisha ni Mzee Lugendo. Alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa safarini, baba yake akiwa mpagazi wa pembe za ndovu, na mama yake akifuata nyuma na sufuria kichwani, kwenye ile njia ya zamani ya misafara inayopita Itetemia. Hapo hapo kando ya njia ndipo Lugendo alipojenga nyumba ya nyoka: mitungi imepangwa ukutani, kila mmoja umefunikwa kwa kawa na kuwekewa jiwe juu.

Msimu wangu wa kwanza nilitoka humo nikiwa nimebeba ungo, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, niliuacha mlango wazi. Swila mmoja alikuwa ameinua kawa lake kwa kichwa. Akatoka, akavuka njia, akaingia jikoni kwa jirani. Yule mama alipanda juu ya kihenge cha mtama na akakataa kushuka, hata tulipokwisha kumkamata nyoka na kumwonyesha kwamba tumemkamata. Mumewe alimpelekea ugali kwa ngazi. Lugendo hakunipiga. Alinikalisha kwenye kizingiti mchana kutwa, nimfungulie na kumfungia kila anayeingia na kutoka, na kila nikifunga ananiambia, "Vuta tena." Jioni akasema, "Mlango huu haufungwi kwa ajili ya nyoka. Nyoka hana shida. Unafungwa kwa ajili ya jirani." Tangu siku hiyo, sisi wote wa nyumba ile, hata tukiwa na homa, hata tukiwa tumegombana, tukitoka tunavuta mlango mara ya pili.

Sasa kuhusu kifutu, maana ndiye nyoka wa habari hii. Kifutu ni mnene, mvivu, rangi yake ni ya majani makavu. Nyoka wengine wakikusikia wanakimbia. Yeye haoni haja. Atajivuta kidogo, ataanza kupumua, fuu, fuu, kama mivukuto ya mhunzi. Ukisikia pumzi hiyo usiruke. Simama pale pale, tafuta kwa macho, kisha rudi nyuma kwa mguu ule ule uliokanyaga mwisho. Ukimkamata, ufito wenye panda unauweka shingoni, si kichwani. Ukimbana kichwa anageuza meno na kujing'ata mwenyewe. Na aliyeumwa msimfunge kamba ya kubana mguu. Nimeona miguu imeoza kwa kamba wakati sumu yenyewe isingeitoa hata kucha. Mlazeni, mnyamazisheni, mpelekeni hospitali. Sisi tulikuwa na mizizi na chale. Hospitali wana sindano.

Kitu kimoja kiliwashangaza watu: hatukuua nyoka. Swila aliwahi kumuuma mbuzi wa Lugendo, mbuzi jike aliyekuwa akimpenda kuliko wake zake, na mbuzi akafa. Tulimkamata yule nyoka, mimi na wenzangu, tukaokota mawe. Lugendo akatuzuia. Akamtia kapuni, tukatembea naye hadi porini, na njia nzima mzee alimtukana yule nyoka, yeye na mama yake na ukoo wake wote, matusi ya Kinyamwezi ambayo sijayasikia tena. Kisha akamshusha taratibu majanini kama anayemlaza mtoto. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikianza kuua wenye makosa, nitaishia kwa nani?" Niliona ni neno kubwa. Kesho yake nikamkuta anaponda kupe wa ng'ombe kati ya kucha mbili, kwa furaha kabisa. Nikamuuliza na kupe je. Akaniambia ninyamaze nikachote maji.

Basi, tulikuwa na miiko miwili ambayo inahusu habari hii. Wa kwanza: anayekuja kutuita hataji jina la aliyeumwa. Anataja nyoka, kiungo na mahali, basi. Tuliamini kwamba jina likitajwa njiani, sumu inalisikia na kuharakisha. Wa pili ni mzito zaidi. Kila mmoja wetu alibeba mzizi wa dawa ya nyoka wa aina moja. Mimi wangu ulikuwa wa swila, dada Kabula wake ulikuwa wa kifutu. Unapomtibu mtu, unautafuna mzizi nusu, nusu nyingine unampa atafune. Tangu hapo yeye ni mwana wako wa dawa. Anakuita baba, au mama. Na waliotafuna mzizi pamoja hawashtakiani. Humsemi vibaya, humpeleki barazani, husimami mbele ya mtemi wala mbele ya Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, kutoa ushahidi dhidi yake. Ukifanya hivyo umejitoa katika chama, na kibuyu chako unakirudisha.

Siku ile tuliitwa na kijana ambaye hatukumjua. Alisema kifutu, mguu wa kushoto, shambani, upande wa pili wa Itetemia. Hakusema jina, nasi hatukuuliza. Lugendo alikuwa anaumwa kifua, kwa hiyo tukaenda mimi na dada Kabula. Njiani tulitaniana. Alisema mimi nikitembea nafanana na bata aliyekula sana. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akinitania.

Sasa tumerudi mlangoni.

"Dada, vipi?" nilimuuliza.

"Ni yeye," alisema.

Mama yake Kabula aliuawa huko karibu na Puge, miaka michache kabla ya siku hiyo, kwa panga, mchana kweupe, watu wakiwa mashambani. Walimwita mchawi. Kabula alikuwa amejificha nyuma ya kihenge. Hakuuona uso wa muuaji. Aliisikia sauti tu, yenye mkwaruzo, na kwa kila pigo sauti ile ilitaja jina. Shija. Mhoja. Kalunde. Askari walipokuja kuuliza, aliwaambia hayo, nao wakamwambia hawawezi kuitia sauti pingu. Hakuna mwingine aliyeona wala kusikia. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye angeweza kumpeleka yule bwana mbele ya sheria, alikuwa huyu aliyesimama mlangoni na mzizi wa kifutu kibuyuni.

Nje chini ya upenu walikuwa wamekaa majirani wanabangua karanga. Mmoja, mzee mwenye kofia ya kiua, alituambia bila hata kuinua uso tusijichoshe. Alisema huyo Ngassa ni mhamiaji, alikimbia kwao kwa sababu ya damu, kila mtu anajua, na mtu mbaya akiumwa na nyoka basi nyoka amefanya kazi ya serikali. Wenzake wakacheka. Nami, nisiwafiche, karibu nicheke, maana alilisema vizuri.

Kabula aliingia, akachuchumaa kando ya kitanda cha kamba. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa kama mtungi mpya. Macho yangu yalikuwa yamezoea giza sasa, nikamwona mtu wa kawaida kabisa. Hilo lilinichanganya. Nilitarajia nini, sijui. Alikuwa na nywele zilizoanza mvi, na masikio makubwa.

"Shija ni nani?" Kabula alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

"Mwanangu."

"Na Mhoja na Kalunde?"

"Wanangu. Niliwazika wote masika mamoja."

"Walikufa na nini?"

"Waliliwa. Kulikuwa na bibi mmoja, huko Puge. Mganga alinionyesha." Alimeza mate kwa shida. "Nilimmaliza. Alikuwa mtu mbaya, mama. Hata wewe ungefanya."

Kwenye upenu karanga ziliendelea kupasuka. Mtu mbaya, wamesema wale nje. Mtu mbaya, amesema huyu ndani. Neno moja lilikuwa limeingia kupitia ukuta wa udongo na kutoka upande wa pili, na mimi nimesimama katikati sijui nilipokee kwa mkono upi.

Kabula akanitazama. "Kasanda, sema."

Nilifungua kinywa. Niwaambie yaliyokuwa kichwani mwangu, na msiniulize yalikuwa na mpangilio gani. Niliwaza: tukiondoka, hatujamuua, kifutu ndiye aliyemuua. Kisha nikawaza: mtu mwenye maji akimpita mwenye kiu, je, ni jua lililomuua? Niliwaza: Kabula akimtibu, anakuwa mama yake wa dawa, na kinywa chake kinafungwa, na mama yake mzazi anazikwa mara ya pili. Niliwaza: asipomtibu, anakuwa amefanya kile kile alichofanya Ngassa, ila bila panga. Halafu nikawaza juu ya wale watoto watatu, ambao walikufa kwa homa bila shaka, homa ya masika kama ya watoto wote, na baba aliyetafuta mtu wa kumlaumu kwa sababu homa haina shingo. Nikamwonea huruma. Nikaichukia huruma yangu. Nikafunga kinywa.

Hapo mke wa Ngassa akaingia na maji kwenye kata. Alikuwa na mimba kubwa, anatembea kwa kuegemea ukuta. Alimpigia magoti Kabula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mmetembea juani. Nichinje kuku?"

Kabula alimwangalia kwa muda mrefu, yule msichana na tumbo lake na kata yake ya maji.

"Usichinje kitu," alisema.

Akafungua kibuyu. Akatoa mzizi, akauweka kati ya meno, akauvunja. Nusu akaitafuna. Nusu akamtia Ngassa kinywani kwa vidole vyake mwenyewe, akamshika kidevu hadi alipomeza. Kisha wembe, chale, dawa nyeusi, kwa mikono iliyotulia kuliko ninavyoweza kuituliza yangu hata leo. Ngassa akalala. Kabla hajalala alisema, kama miiko inavyotaka, "Asante, mama." Alikuwa karibu umri wa baba yake Kabula.

Tulikaa pale hadi usiku, uvimbe ulipoacha kupanda. Kama ni kwa dawa yetu au ni kwa nguvu za mwili wake, sijui. Wapo wanaoumwa na kifutu wakapona kwa kulala tu. Hilo nalo huniamsha: huenda tulikaa mle ndani tukipima uhai wa mtu ambaye angepona hata tungebaki nyumbani tukicheza bao.

Nawaambia mwisho wake sasa ili msiusubiri. Askari walimchukua Ngassa akiwa bado anachechemea. Kesi ilisikilizwa mjini Tabora, mbele ya jaji wa Kizungu aliyekuwa akijipepea kwa karatasi. Nilikwenda, nikasimama nyuma. Kabula alisema aliyoyasikia nyuma ya kihenge. Ngassa alipomwona kizimbani alimwamkia kwa jina la mama, na mkalimani akakwama, hakujua aitafsiri vipi, maana mshitakiwa alikuwa mzee kuliko shahidi. Hakukana kitu. Alisema kwa sauti ile ile kwamba alimuua mtu mbaya na kwamba serikali ingemshukuru. Ndipo Kabula akaomba amuulize jambo moja. Akamuuliza, "Milembe umemsamehe, au bado?"

Ngassa akafikiri kwa uaminifu kabisa. Kisha akauliza, "Milembe ni nani?"

Hakuwa amelijua jina la mama yake Kabula.

Walimpeleka kwa treni, na kule alikopelekwa walimnyonga. Waliofanya hivyo nao walisema ni mtu mbaya, kwa Kiingereza, mkalimani akatuambia. Mkewe alijifungua mtoto wa kiume, akarudi kwao. Aliyeponyesha mguu ule aliuponyesha ukapande ngazi ya kitanzi. Au aliuponyesha ili mtu aulizwe swali mbele ya watu. Nimeligeuza jambo hili kama mtu anayegeuza shati kutafuta upande wa nje, na pande zote zina mshono.

Mwalimu mmoja kijana, juzi tu, aliniuliza moja kwa moja, "Babu, kwa hiyo wabaya wauawe au wasiuawe?" Nilimwambia angoje nikachukue tumbaku. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa na kuku wangu hadi niliposikia kengele ya baiskeli yake inaondoka. Na nyinyi msinitazame hivyo. Kama ningekuwa na jibu ningewapa bure. Nilichonacho ni asubuhi moja.

Ilikuwa asubuhi baada ya kurudi kutoka kwa Ngassa. Lugendo alikuwa amelala ndani ya nyumba ya nyoka, kwenye mkeka kati ya mitungi, maana alisema nyoka hawapigi kelele kama wake zake. Mimi nilikuwa nabadilisha majani mtungini mwa kifutu. Kabula aliingia akiwa amevaa kanga ya safari. Akapiga magoti, akaweka kibuyu chake mbele ya mzee, na ushanga wake wa chama juu yake.

Lugendo, ambaye usiku nilikuwa nimemsimulia yote, akajiinua kwa kiwiko. "Umemtibu mwenyewe jana. Leo unamshitaki?"

"Ndiyo, baba."

"Si ungemwacha tu? Ungebaki na kibuyu chako, na yeye angekuwa amekwenda."

"Angekwenda bila kuulizwa."

"Watamnyonga, Kabula."

Kifutu akaanza kupumua mtungini chini ya mkono wangu, fuu, fuu. Nilidhani sasa Kabula ataubadilisha uamuzi. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika njia panda akakuta zote mbili zimeota majani.

"Mimi sitaki wamnyonge," alisema mwishowe. "Nataka aulizwe. Wakishamuuliza, sijui." Akanigeukia. "Na wewe, ungesema chochote jana, ningefanya."

Nikarudisha kawa juu ya mtungi, na jiwe juu yake. Lugendo alikivuta kibuyu taratibu, akakiweka kando ya kichwa chake, akageukia ukuta. Hakumlaani. Hakumbariki pia.

Kabula akasimama, akajifunga kanga upya kiunoni, akatoka. Hakuwa tena mtu wa nyumba ile, hakudaiwa mwiko wowote. Nikasikia mlango ukifungwa nyuma yake. Kisha hatua zake zikasimama, zikarudi, na akauvuta mara ya pili.